Anataga Kichotara, Anakula Kienyeji

Mwanzoni nilidhani anatafuta mahali pa kutagia. Aliingia kwenye tenga, akazunguka mara mbili juu ya majani makavu ya mpunga, akakaa, akasimama, akatoka. Haikupita muda akarudi tena. Kuku aliyetaga hutetea mpaka mtaa mzima ujue, lakini huyu alikuwa kimya, macho nusu yamefumba, mabawa ameyaachia, mkia ukipanda na kushuka kila anapovuta pumzi. Ilipofika saa nne alikuwa amesimama kwenye kivuli cha ukuta, kifua juu na mkia chini. Nilimwaga pumba, wenzake wakagombana miguuni pangu, yeye hata hakugeuza shingo.

"Bibi, Mwekundu anajikamua," mjukuu wangu akaniambia. "Kama mtu mwenye choo kigumu."

Jirani yangu, mzee aliyefanya kazi reli miaka mingi, alikuwa ameegemea uzio. "Mwalimu, mwahi huyo," akasema. "Mwahi kabla hajawa kibudu."

Hakusema kwa ubaya. Hapa Bukene kuku hana siku za kuugua. Akizubaa asubuhi, mchana yuko sufuriani, na aliyemchinja anaonekana mwenye busara kuliko aliyesubiri. Nami nimefanya hivyo mara nyingi. Siku hiyo nilimwambia, "Mzee, nipe mpaka kesho," nikaingia ndani kuteleka maji.

Maji yenyewe yawe ya vuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto mchanga. Niliyapima kwa kiwiko. Nikayatia kwenye karai na chumvi kidogo, nikamshika Mwekundu kwa mikono miwili, mabawa yamebanwa asipapatike, nikamkalisha maji yakamfika tumboni. Alishtuka mara moja, kisha akatulia kabisa, kichwa kimeegemea mkono wangu. Nilimweka humo dakika kama 20, nikiongeza maji ya moto kidogo kidogo pembeni. Nilipomtoa nikamkausha kwa kanga kuukuu, nikanawa, nikapaka mafuta ya kupikia kwenye kidole na kuzunguka tundu lake la kutagia, nikaingiza kidole pingili moja tu, taratibu. Yai lilikuwa pale, gumu, nikiligusa kwa ncha ya kidole.

Mtu akishaligusa yai hutamani kulivuta, au kulitoboa litoke vipande vipande. Naomba msifanye hivyo. Ganda likivunjika ndani lina makali, huchana mrija wa mayai, na uchafu ukiingia kwenye kidonda kuku anakufa kifo kibaya kuliko kile alichokuwa anakufa. Nami sikulisukuma wala kulibonyeza. Nilimrudisha kwenye tenga, nikalifunika kwa gunia pawe na giza na joto, nikamwekea maji ya kunywa na uji mzito wa dona uliochanganywa na maganda ya mayai yaliyosagwa laini. Akadonoa kidogo. Halafu nikaondoka, maana kuku akichunguliwa kila dakika hatulii, na asipotulia misuli inakaza.

Saa kumi na moja jioni nilisikia anatetea. Yai lilikuwa kubwa, lina chunusi upande mmoja, na katikati lina mkunjo ulioinuka, kama mtu amelifunga mshipi. Mkunjo wa namna hiyo ni kovu: ganda lilipasuka likiwa bado changa ndani ya mrija, na mwili wa kuku ukaliziba. Nililiweka dirishani, nikakaa nalo siku kadhaa nikilitazama. Mwekundu alikuwa amepona, lakini sikuwa bado najua kilichompata.

*

Sisi tuliolelewa na kuku tunajua zaidi ya tunavyodhani. Nani hakugombania mayai machanga mama akimpasua mtetea? Kile kishada cha viini vya njano, vingine vikubwa kama gololi, vingine vidogo kama ulezi, kilichoning'inia karibu na mgongo. Babu alipokwenda kwa mfumu, mganga wa ramli, alibeba kuku, na mfumu alimpasua na kumsoma, bawa na matumbo, kama Wasukuma na Wanyamwezi walivyofanya tangu zamani. Mimi nilikuwa mtoto wa kutumwa maji, nikichungulia. Yeye alisoma habari za ukoo wetu, na mimi niliona kwamba kishada kipo upande mmoja tu. Nilipokuja kuwa mwalimu wa sayansi ndipo nikajua ni kweli: kwa kuku jike, upande wa kushoto ndio unaofanya kazi.

Kiini kikikomaa hudondoka na kudakwa na mdomo wa mrija mrefu. Humo hukaa saa kama tatu kikivishwa ute mweupe, kisha saa moja na ushee kikivishwa utando. Mpaka hapo yai ni laini, linabonyea kama puto lenye maji. Halafu huingia kwenye kifuko cha ganda, na huko hukaa saa kama 20. Kazi yote ya yai moja huchukua siku nzima na pengine saa moja au mbili za ziada, na sehemu kubwa ya muda huo ni kutengeneza ganda tu, nyingi ya saa hizo zikiwa usiku, kuku amelala juu ya kitolima, mti wake wa kulalia.

Ganda ni chokaa karibu tupu. La yai moja lina takriban gramu 2 za kalisi, madini yale yale yanayofanya mfupa kuwa mgumu. Na mifupa yote ya kuku kwa pamoja ina kalisi kama gramu 20. Yaani kila yai ni sehemu moja ya kumi ya mifupa yake. Usiku tumbo likiwa tupu, ganda linaendelea kujengwa, na kuku huchota kalisi mifupani mwake, akitumaini kuirudisha kesho kwa chakula.

Kalisi hiyo hiyo ndiyo inayoifanya misuli ibane na kuachia. Ikipungua mno, mrija hauna nguvu ya kulisukuma yai, na ganda lisilo imara halipiti vizuri. Hapo ndipo kuku anaposimama ukutani, kifua juu. Ana saa chache, pengine siku moja au mbili, kabla ya yai lililokwama kumuua.

Sasa nilimlisha nini Mwekundu? Ilikuwa Januari. Tangu mvua zilipoanza Novemba kuku walikuwa wamefungiwa, kama kila nyumba inavyofanya msimu wa kupanda, wasije wakafukua mbegu za watu. Akiba ndani ilikuwa imepungua, hivyo walikula pumba za mahindi tu. Gramu 100 za pumba hazina hata moja ya kumi ya gramu ya kalisi. Nilikuwa namdai gramu 2 kila alipotaga, na kumlipa vumbi.

*

Kuku wa bibi yangu hawakuletewa chokaa na mtu, na sikumbuki kuona yai lililokwama. Kwa nini? Swali hilo lilinisumbua muda mrefu.

Bukene tuko kaskazini ya Tabora, na njia ya kwenda ziwani ni ya zamani kuliko reli. Speke aliifuata mwaka 1858, akitoka Kaze, ndiyo Tabora ya leo, mpaka akaliona ziwa aliloliita Victoria. Misafara ya wakati ule ilinunua kuku vijijini kwa shanga na merikani. Reli ilipofika Mwanza mwaka 1928 kuku walipanda mabehewa, ndani ya matenga, na mimi nikiwa msichana niliuza mayai ya kuchemsha dirishani mwa treni, chumvi na pilipili ndani ya kipande cha gazeti. Muda wote huo kuku alikuwa mfugo usio na mchungaji. Ngoko, kama wanavyomwita Wasukuma, hufunguliwa asubuhi, hujitafutia, hurudi magharibi.

Na alijitafutia kweli. Kumbikumbi, panzi, majani mabichi, mchwa wa kwenye kichuguu, vijiwe vyeupe vya chokaa vinavyookotwa kwenye udongo mweusi wa mbugani. Alikaa juani, na jua hutengeneza vitamini D kwenye ngozi ya kuku, hasa ile ya miguuni isiyo na manyoya. Bila hiyo hata chokaa akila haiingii mwilini. Zaidi ya yote, hakutaga sana. Kuku wetu wa kienyeji hutaga mayai 40 hadi 60 kwa mwaka. Hutaga 10 au 15, kisha hukataa. Huatamia siku 21, hulea vifaranga miezi miwili au zaidi, na muda huo mifupa yake inajijaza upya. Babu wa kuku wote duniani, kuku pori mwekundu wa Asia ya Kusini-Mashariki, hutaga 10 au 15 kwa mwaka mzima.

Mwekundu si huyo. Tabora tuna kuku wetu wa asili waitwao Singamagazi, wakubwa, wenye rangi nyekundu, na mama yake ni wa namna hiyo. Baba yake ni Kuroiler, kuku aliyetengenezwa India. Hawa Kuroiler, na Sasso wenye asili ya Ufaransa, wameenea vijijini kwa sababu nzuri: wanakua haraka na wanataga mara mbili au tatu ya kuku wa kienyeji. Chotara akifikisha mayai 150 kwa mwaka ametoa gramu 300 za kalisi. Hiyo ni mifupa ya mwili mzima, mara 15.

Nasi tunamfuga vile vile tulivyomfuga mama yake. Tumebadilisha kuku bila kubadilisha sahani. Anataga kichotara, anakula kienyeji, tena kienyeji cha Januari, kilichofungiwa ndani.

*

Alikuwa ameshanionya. Wiki mbili kabla ya siku ile nilikuta chini ya kitolima yai lisilo na ganda, utando mtupu, nikalitupa. Baada ya siku tatu nikakuta jingine. Nikaenda kwenye duka la dawa za mifugo, nikaeleza, na kijana wa dukani hakuniuliza kuku anakula nini. Alinipa pakiti ya unga wa njano wa kuchanganya na maji, antibayotiki ile ile ya tetrasaiklini inayotolewa kwa kila kuku, awe anaharisha, anakohoa au ananyonyoka manyoya. Nikawanywesha siku tano.

Bwana mifugo alipokuja baadaye aliniambia mawili. La kwanza, yai lisilo na ganda mara nyingi halina ugonjwa wa kutibiwa kwa dawa hiyo. Na dawa hiyo na chokaa hushikana tumboni, kila kimoja kikizuia kingine. La pili ndilo linaloniuma mpaka leo. Mayai ya kuku aliye kwenye dawa hayaliwi mpaka zipite siku zilizoandikwa kwenye pakiti. Mimi niliyakaanga, nikawapa wajukuu kabla ya shule. Pakiti ilikuwa imeandika, na mimi niliyefundisha watoto kusoma miaka 31 sikuisoma.

Kwa hiyo nasema kwa uzito wote: anzeni na chakula. Dagaa wa ziwani, hata yale mabaki ya chini ya gunia, yana kalisi kwa kuwa husagwa na mifupa yao. Chokaa ya mifugo inauzwa kwa kilo. Ila iliyo karibu kuliko zote ni ganda la yai lenyewe, ambalo kila nyumba inatupa. Liosheni, likaangeni kwenye chungu kikavu au lianikeni juu ya bati lichomwe na jua, kisha litwangwe. Lisiwe unga kabisa. Chembe zikiwa kama mchele uliovunjika hukaa kwenye firigisi na kuyeyuka polepole usiku, saa zile zile ganda linapojengwa, na ndiyo maana wakati wa kumpa ni jioni. Msimpe ganda zima au nusu: atalitambua, ataonja lililo kiotani, na kuku akishaonja yai lake hakuna wa kumrudisha nyuma. Wekeni kwenye kopo peke yake, msichanganye na pumba, anayehitaji atakula na jogoo ataliacha.

Kuhusu mashudu neno moja. Ya alizeti ni mazuri. Ya pamba, ambayo huku kwetu ni rahisi kupata, yakizidi hubadili kiini cha yai, na likikaa siku kadhaa huwa kijani kama nguo za jeshi. Watu huogopa wakidhani ni uchawi. Ni rangi ya asili iliyomo ndani ya mbegu za pamba.

Vitabu vingi vya kuku vimeandikwa Ulaya, na humo mtasoma kwamba kuku asipotaga awekewe taa. Kwao ni kweli, majira ya baridi siku zinakuwa fupi mno na kuku hufunga kizazi. Sisi tuko nyuzi kama 4 kusini ya ikweta. Siku yetu ndefu na ile fupi zinapishana kwa nusu saa tu. Msinunue taa. Nunueni dagaa.

*

Si kila kuku asiyetaga amekwama. Wengine wanataga vizuri kabisa, ila kichakani, na kenge ndiye anayekusanya. Bibi aliwapapasa kila alfajiri kabla ya kufungua banda, na aliyekuwa na yai alibaki ndani mpaka alitage. Pia alipima mifupa miwili iliyo pande za tundu la kutagia: vidole viwili au vitatu vikipita katikati yake kuku yuko kwenye kutaga, kikipita kimoja tu amepumzika. Kipimo hicho hakijanidanganya. Aliyepumzika ana sababu. Pengine anataka kuatamia, pengine ananyonyoka manyoya, pengine usiku ananyonywa na utitiri. Washeni tochi mwangalie chini ya kitolima. Majivu makavu kwenye shimo la kuogea vumbi yanasaidia sana.

Wakizubaa wengi kwa pamoja, kinyesi kikawa cha kijani, shingo zikapinda, mayai yakakatika au yakatoka laini, huo ni mdondo, ambao wengine huuita kideri, na maji ya vuguvugu hayana kazi hapo. Mdondo hauna dawa, una chanjo. Ya I-2 inahimili joto kuliko nyingine na inatengenezwa hapa nchini. Ni tone moja kwenye jicho, kila baada ya miezi mitatu. Changieni chupa moja nyumba kadhaa, kwa kuwa ikishafunguliwa haikai.

Na kuna kuku ambaye mzee wangu wa uzioni ana haki juu yake. Tumbo likivimba na kujaa kama kiriba, akitembea wima, na maji ya vuguvugu hayakuleta yai, mara nyingi viini vimekuwa vikidondokea nje ya mrija na kuoza tumboni. Nyumbani hatuna tiba ya hilo. Vivyo hivyo akitokwa na nyama nyekundu nyuma na wenzake wameanza kuidonoa: mtengeni mara moja, ioshwe kwa maji safi ya chumvi, irudishwe polepole kwa kidole chenye mafuta, ikitoka tena na tena, msimtese. Aliyeoza tumbo hazikwi tumboni mwa watoto. Chimbeni shimo.

*

Mwekundu alikaa wiki mbili bila kutaga, kisha akaanza tena. Yai la kwanza lilikuwa na ganda jembamba, la tatu lilikuwa gumu kiasi kwamba nililigonga mara mbili ukingoni mwa sufuria. Niliwajengea kiwanja kidogo cha wavu wa zamani wa kuvulia ili hata msimu wa kupanda wapate jua bila kufika shambani kwa watu. Mzee wa reli alikuja kukiangalia, akazunguka, akaniuliza wavu umebaki kiasi gani.

Sasa ni Julai. Majaruba ya mpunga yamekauka, udongo umepasuka, na juu yake yamebaki magamba matupu ya konokono, meupe, mengi. Mimi na mjukuu wangu tunayaokota asubuhi kabla ya jua kali. Tunayachemsha kwanza, maana konokono hubeba minyoo, kisha tunayaanika, na yeye huyatwanga kwenye kinu kibovu kilichotengwa kwa kazi hiyo. Ndoo moja tuliyojaza wiki jana itatufikisha mbali.

Mwekundu amenyonyoka. Shingo yake ni ngozi tupu yenye vijiti vya manyoya mapya, mkia hana, na leo ni siku ya 23 hajataga. Kila jioni, kopo likigonga sakafu, huja wa kwanza, akachagua chembe moja moja, akanywa maji, akapanda kitolima. Jana mjukuu aliniuliza ataanza lini tena. Nilimwambia tusubiri mkia uote.